Kabla Hujamwaga Kifusi: Maji Yanayotuama Uani Mtwara

SWALI

Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, naishi na familia yangu Mtwara mjini, upande wa bondeni, hatufiki nusu kilomita kutoka baharini. Kila masika uani kwetu panageuka bwawa. Mvua ikikatika, maji yanakaa siku nne hadi tano nyuma ya jiko. Mipapai yangu yote imekufa. Ukuta wa chumba cha watoto umelowa mpaka usawa wa goti, unatoa chumvi nyeupe na plasta inabanduka. Hali ilianza kuwa mbaya misimu mitatu iliyopita, mwaka tuliomalizia ukuta wa uzio upande wa chini, na jirani wa juu naye akapandisha kiwanja chake. Fundi mmoja anasema tumwage kifusi lori nne. Mwingine anasema tuchimbe shimo tulijaze mawe. Mume wangu anataka tusakafie uwanja wote kwa zege. Fedha tuliyonayo inatosha kazi moja tu kwa sasa. Tuanze na ipi? Nyumba ni mita 10 kwa 8, paa ni la bati, gata hatujaweka.

JIBU

Marahaba, mwalimu. Umeniuliza uanze na ipi kati ya kazi tatu, nami nakuomba usianze na hata moja kati ya hizo. Kazi yako ya kwanza umeiandika mwenyewe mwishoni kabisa mwa barua, kama jambo la kukamilisha maelezo tu: gata hamjaweka. Kazi ya pili umeitaja kwa kupita, nayo ni ule ukuta wa uzio upande wa chini. Nitaeleza kwa nini, kisha tutarudi kwa mafundi wako wawili na kwa shemeji.

Tuanze na paa. Milimita 1 ya mvua ikianguka kwenye mita ya mraba 1 ni lita 1 ya maji. Nyumba yako ni mita 10 kwa 8, lakini bati limetokeza nje ya kuta kila upande, kwa hiyo paa linafunika kama mita za mraba 100. Ikinyesha mvua ya milimita 50, ambayo kwetu huku si mvua ya ajabu kwa siku moja ya Januari au Machi, paa linapokea lita 5,000. Bati halinywi maji. Karibu yote yanashuka, na kwa kuwa hakuna gata yanashukia palepale chini ya kuta, kwenye mstari mmoja mwembamba unaozunguka msingi. Simtanki nzima ya lita 5,000 inamwagwa kwenye msingi wako ndani ya saa chache, halafu kesho inamwagwa nyingine.

Hayo maji hayatoki kwa jirani wala barabarani. Ni yako, na ndiyo pekee katika shida hii yote ambayo unaweza kuyashika kabla hayajagusa ardhi. Ndiyo maana naanzia hapo. Maji yakishaingia ardhini pale bondeni, kuyaondoa ni kazi ya jasho na gharama. Yakiwa bado juu ya bati, bomba moja linatosha.

Kuna jambo la pili kuhusu maji ya paa, na kwa mtu wa Mtwara lina uzito wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja: zinaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, mara nyingi zinapumzika wiki moja au mbili mwishoni mwa Januari au mwanzoni mwa Februari, kisha zinarudi hadi Aprili au Mei. Baada ya hapo ni ukame hadi mwisho wa mwaka. Kwa mwaka mzima pwani yetu hupata takriban milimita 1,000. Paa lako, hata ukitoa sehemu ya tano inayopotea kwa kurukia pembeni na kukauka, linaweza kukupa lita 80,000 kwa mwaka. Maji yanayokuzamisha Machi ni yaleyale unayonunua kwa ndoo Septemba. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 20 kila mmoja hutumia lita 120 kwa siku, kwa hiyo tanki la lita 5,000 likiwa limejaa mvua zinapoisha Mei lina maji ya siku 40 hivi. Halitakufikisha Novemba, lakini ndoo za mwezi mzima na zaidi hutazinunua.

Gata kwa hiyo si pambo. Chagua pana, za bati lililokunjwa au za plastiki, zenye mdomo wa sentimita 15 hivi. Zishushwe nusu sentimita kwa kila mita kuelekea kwenye bomba la kuteremshia. Zikilazwa sawasawa kabisa maji yanasimama humo na mbu wanapata makazi. Kwa bomba lenyewe kuna kanuni rahisi: kila mita ya mraba 1 ya paa inahitaji sentimita ya mraba 1 ya tundu. Kama paa lako lina pande mbili, kila upande una mita za mraba 50. Bomba la inchi 3 lina tundu la kama sentimita za mraba 45, halitoshi. La inchi 4 lina karibu 80. Weka la inchi 4, wala usikubali fundi akushawishi la inchi 2 kwa kuwa ni rahisi. Mvua ya kwanza ya nguvu itafurika juu ya gata na utadhani gata hazina faida.

Tanki lijengewe kitako. Lita 5,000 zina uzito wa tani 5, na kitako kilichojengwa juu ya kifusi kilichomwagwa bila kushindiliwa kitatitia upande mmoja na tanki litapasuka au kuegemea ukuta. Chimba mpaka ardhi ngumu, panga mawe, mwaga zege. Na tafadhali zingatia sana bomba la kutolea maji yanapozidi. Nimeona matanki mazuri ambayo yakijaa yanatapika maji palepale pembeni ya nyumba, yaani yanarudisha tatizo mahali lilipokuwa. Bomba hilo lipelekwe mbali, angalau mita 5 kutoka msingini, na nitaeleza liende wapi.

Kama kuna mikorosho karibu na kwenu, kabla ya mvua ya kwanza osha bati au acha mvua za mwanzo zipite pembeni. Kuanzia Juni wakulima hupuliza salfa ya unga kuzuia ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, na unga ule husafiri na upepo hadi kwenye mapaa. Tena kuna vumbi la miezi sita na kinyesi cha ndege. Hata katikati ya masika, zile lita 100 za mwanzo za kila mvua ni vizuri ziende nje ya tanki. Mdomo wa tanki ufunikwe kwa wavu wa mbu.

Sasa ukuta wa uzio. Umesema hali iliharibika mwaka mliomalizia ukuta upande wa chini. Wewe umeyaweka mambo mawili pamoja, ukuta wenu na kifusi cha jirani, na nadhani nyumbani kwenu anayelaumiwa zaidi ni jirani. Lakini fikiria maji yalivyokuwa yakipita zamani. Kiwanja chenu kinateremka kutoka kwa jirani wa juu kwenda bondeni. Maji yalikuwa yanaingia juu, yanatambaa uani kwa unene mdogo, yanatoka chini bila mtu kuyatazama. Mlipofunga upande wa chini kwa tofali na zege bila kuacha matundu, uwanja ukawa beseni. Bwawa lenu liko wapi? Nyuma ya jiko, upande wa uzio. Lipo pale kwa sababu pana ukuta.

Usinikubalie kwa maneno tu. Mvua itakaponyesha kwa nguvu, vaa koti, toka nje, na utazame pande zote mbili za ukuta kwa wakati mmoja. Mmoja wenu awe ndani na mwingine nje. Kama ndani maji yamefika katikati ya tofali la kwanza na nje njia inapitika, jibu umelipata. Dakika ishirini za kutazama wakati mvua inanyesha zina thamani kuliko siku nzima ya fundi anayekuja kukagua Agosti, uwanja ukiwa mkavu. Chukua na vijiti: chomeka pale maji yanapoingilia, pale yanaposimama, na pale yanapofikia mwisho. Vijiti hivyo usiving'oe hadi kiangazi.

Dawa ya ukuta ni matundu. Chini kabisa, usawa wa ardhi, kila baada ya mita 2 au 3, fundi atoboe na kuchomeka kipande cha bomba la inchi 4, kwa mwinamo mdogo kuelekea nje. Asitoboe karibu na nguzo. Ndani weka wavu wa chuma ili majani na mifuko visizibe, na nje panga mawe ili maji yakitoka yasichimbe msingi wa ukuta. Nasisitiza matundu mengi madogo badala ya moja kubwa, kwa sababu ya jirani wa chini. Zamani maji yalimfikia yametawanyika. Ukiyakusanya yote kwenye tundu moja, unampiga nayo kama ulivyopigwa wewe. Kabla ya kutoboa nenda ukaongee naye, wewe na shemeji, mkae naye barazani mumweleze mnachotaka kufanya, na ikibidi mwenyekiti wa mtaa awepo. Kama huko chini kuna mtaro wa barabara, ulizeni ofisi ya mtaa au TARURA, ambao ndio wenye dhamana ya barabara za mitaa, kabla ya kuunganisha chochote. Na mtaro wenyewe muuzibue. Mara nyingi kalavati moja lililojaa chupa za plastiki linazuia maji ya nyumba nyingi kwa pamoja.

Sasa nije kwenye kazi tatu mlizoshauriwa.

Kifusi ndicho ninachokiogopa zaidi, kwa sababu ndicho kinachovutia zaidi. Lori linakuja asubuhi, jioni uwanja uko juu, kila mtu anafurahi. Lakini kifusi hakiondoi tone hata moja. Kinayahamisha. Ukipandisha uani sentimita 30 na jamvi la nyumba likabaki lilipo, sasa uwanja uko juu ya sakafu, na maji yatatafuta mlango wako. Ardhi ya nje inatakiwa iwe chini ya sakafu ya ndani kwa angalau sentimita 15. Nenda kapime leo: simama nje ya chumba cha watoto, pima kutoka ardhini hadi usawa wa sakafu. Huenda ukakuta tayari mmezidisha, kwa kufagia mchanga na kupanda maua kando ya ukuta miaka yote hii. Kama ni hivyo, kazi yenu ni kuondoa udongo pale, siyo kuongeza.

Kifusi kina mahali pake. Kiasi kidogo, toroli chache, cha udongo wenye mfinyanzi kidogo unaoshindilika, kinawekwa kuzunguka nyumba ili ardhi iinamie nje: sentimita 5 kwa kila mita, kwa mita 2 au 3 za kwanza, mradi kisivuke ile alama ya sentimita 15. Usitumie mchanga mtupu, maji yanapita ndani yake na kufika msingini hata kama juu pameinama vizuri. Kazi hii haihitaji lori nne. Inahitaji jembe, koleo, kishindilio na uvumilivu.

Na ile hoja ya kwamba jirani kapandisha, basi na sisi tupandishe, nakusihi muiache. Nimeona mitaa ambayo kila mwenye fedha alimwaga kifusi mwaka wake, na mwisho wake nyumba za wajane na wazee ndizo zilizobaki shimoni, zikipokea maji ya mtaa mzima.

Zege la uwanja wote: tumia hesabu ileile ya paa. Kama uwanja ni mita za mraba 200, ukiusakafia umejenga paa la pili ukubwa mara mbili ya la kwanza. Mvua ya milimita 50 itakupa lita 10,000 ambazo zamani sehemu kubwa ilikuwa inanyweka mchangani. Zitakwenda wapi? Kwenye uzio, nyuma ya jiko. Mweleze shemeji kwamba hamu yake ya uwanja safi usio na tope naielewa kabisa, na inawezekana: asakafie njia ya kutoka mlangoni hadi jikoni na bafuni, upana wa mita 1, ikiinamia upande usio wa nyumba. Au atandike vitofali vya zege juu ya mchanga bila kuziba viungo kwa saruji, maji yapite katikati. Sehemu iliyobaki ipandwe ukoka. Ukoka unashika udongo, unapunguza kasi ya maji, na ukifurikwa siku mbili haufi.

Shimo la mawe ni wazo la fundi anayejua kazi, ila inategemea unalichimba wapi. Ukienda Naliendele, au ukipanda uwanda wa Makonde kule Newala na Tandahimba, mchanga unakunywa maji mpaka juu kule hakuna mto wala kijito, na kwa vizazi vingi watu waliteremka mabondeni kuyatafuta. Shimo la mawe kule linafanya kazi vizuri. Bondeni karibu na bahari ni habari nyingine. Juu pana mchanga, chini kidogo unaweza kukuta tabaka la mfinyanzi au jiwe la matumbawe, na maji ya ardhini yako karibu sana. Shimo likichimbwa hadi kwenye maji ya ardhini halifyonzi chochote, limeshajaa kabla mvua haijanyesha.

Kwa hiyo pima kabla ya kulipa. Chagua mahali palipo angalau mita 5 kutoka nyumba, na kama kuna kisima, mita 30 kutoka kisimani. Chimba shimo dogo la upana wa sentimita 30 na kina cha sentimita 60. Lijaze maji, yaache yaishe yote ili udongo ulowe. Lijaze tena, chomeka rula au kijiti chenye alama, tazama maji yanashuka kiasi gani kwa saa 1. Yakishuka sentimita 2.5 au zaidi, udongo unafaa. Yakishuka chini ya sentimita 1, sahau shimo. Katikati ya hapo, shimo pana na fupi litasaidia kidogo.

Kisha kuna kipimo cha pili ambacho watu hawakifanyi, na kwa nusu kilomita kutoka baharini hakikwepeki. Chimba shimo jembamba la kina cha mita 1.5 hadi 2 katikati ya masika. Lifunike kwa mbao mtoto asitumbukie. Tazama kama maji yanajaa kutoka chini, na yanasimama kina gani. Tazama siku za maji mafu, bahari inapopanda na kushuka kidogo tu, kisha tazama tena siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu. Bahari yetu siku za bamvua hupanda na kushuka mita 3 na zaidi, na palipo na matumbawe yenye matundu maji ya ardhini yanaweza kusukumwa juu pamoja nayo. Ukiona maji ya shimo yanapanda na bahari, shimo la kufyonza halikufai hata kidogo. Kitako cha shimo kinatakiwa kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 1 hivi, tena katika kilele cha masika. Maji hayo usiyaonje kujua kama ni ya chumvi; vyoo viko karibu.

Hata udongo ukifaa, usilitarajie shimo libebe kila kitu. Shimo la mita 1.5 kila upande na kina cha mita 1.5 lina ujazo wa lita 3,375, lakini ukilijaza mawe nafasi inayobaki kwa maji ni kama theluthi moja, yaani lita 1,100 hivi. Paa lako linashusha 5,000 kwa mvua moja. Shimo hilo ni la kupokea maji yanayozidi kwenye tanki, baada ya tanki kushika sehemu kubwa. Likichimbwa, mawe yafunikwe kwa kitambaa cha nailoni kinachopitisha maji, au angalau tabaka la kokoto ndogo, kabla ya kurudishia udongo. Bila hivyo mchanga unashuka katikati ya mawe na shimo linaziba ndani ya misimu michache. Na maji ya mvua yasielekezwe kamwe kwenye shimo la choo. Choo kitafurika, na kitakachotapakaa uani watoto watakikanyaga.

Tukishamaliza hayo, ndipo tunaingia kwa jirani wa juu. Yeye kapandisha kiwanja na sasa maji yake yanakufikia kwa kasi, mahali pamoja. Dawa yake ni mtaro wa kukinga: mfereji wa wazi, usiozidi sentimita 30 kwenda chini, uliolazwa kwenye mpaka wa juu na kuyapitisha maji pembeni ya nyumba hadi kwenye matundu ya uzio. Uwe mpana wenye kingo zilizolala, upandwe ukoka, siyo mwembamba wenye kingo wima. Mchanga wetu hausimami wima, mvua mbili na mtaro umeshajaa. Mwinamo wake ni sentimita 1 kwa kila mita; kwa mtaro wa mita 20 mwisho uwe chini ya mwanzo kwa sentimita 20. Zaidi sana ya hapo maji yanachimba na mnapata korongo. Pungufu ya hapo yanatuama.

Mwinamo huo usipimwe kwa macho, macho yanadanganya kwenye ardhi inayoonekana tambarare. Fundi yeyote wa ujenzi anao mpira mwembamba wa kuhamishia leveli, ule unaoonyesha maji ndani. Ujazwe maji pasibaki hewa. Ncha moja ishikwe kwenye kigingi cha juu, nyingine kwenye kigingi cha chini. Maji yatakaa usawa mmoja pande zote mbili. Pima kutoka usawa huo hadi ardhini kila upande, na tofauti ya vipimo viwili ndiyo mwinamo wenu. Kazi hiyo inahitaji watu wawili na nusu saa, na ningependa muifanye kabla ya kununua mfuko mmoja wa saruji, kwa sababu itawaambia kama kweli ardhi inashuka kuelekea uzio au kuna kitumbi katikati msichokijua.

Msomaji wa Lindi anayekaa chini ya vilima, maji ya mtaa mzima yakimteremkia kuelekea ghuba, asichukue mpangilio huu kama ulivyo. Kwake mtaro wa kukinga ndio wa kwanza, gata zinafuata. Wewe mwalimu, kwa barua yako, naona gata na uzio vinatangulia.

Ukuta wa chumba cha watoto unanisikitisha, maana watoto wanalala humo na unyevu unawaletea kikohozi. Ile chumvi nyeupe inatoka ndani ya tofali au mchanga uliotumika. Kama nyumba ilijengwa kwa mchanga wa baharini ambao haukuoshwa ndiyo inazidi. Maji yanaiyeyusha, yanapanda nayo ukutani, yanakauka, inabaki juu na kuisukuma plasta. Msipige plasta mpya sasa. Saruji juu ya ukuta uliolowa inafungia maji ndani, yanapanda juu zaidi, na mwakani utaona alama kwenye usawa wa kiuno. Ondoeni plasta iliyokufa, ukuta upumue. Sogezeni vitanda na makabati, fungueni madirisha mchana. Mkishaweka gata na kushusha udongo wa nje, ukuta uachwe ukauke kiangazi chote. Piga brashi kavu kuondoa chumvi kila inapotokea, bila kuosha kwa maji. Oktoba ukiona hakuna chumvi mpya kwa wiki kadhaa, ndipo mpige plasta.

Kuhusu mipapai, pole. Mpapai ukisimama majini siku mbili mizizi yake inaanza kufa. Ukitaka kupanda tena, panda juu ya tuta la sentimita 50, upande wa juu wa kiwanja. Pale panapotuama maji weka magimbi na migomba. Migomba hiyohiyo ipokee maji ya bafuni kwenye shimo dogo lililojazwa majani makavu. Kando ya mtaro panda mchaichai, mizizi yake inashika kingo na chai mtakunywa. Mkorosho usipande bondeni, hautaki miguu yake ikae majini.

Kuhusu fedha inayotosha kazi moja. Gata upande mmoja tu, ule wa chumba cha watoto, pamoja na bomba linalopeleka maji mita 5 mbali hata kama tanki bado, ni kazi inayowezekana mwezi huu. Matundu ya uzio ni vipande vya bomba na siku moja ya fundi. Kuinamisha ardhi ni nguvu zenu wenyewe. Tanki lisubiri hadi mwakani, na shimo la mawe lisubiri majibu ya vipimo. Mtaro wa kukinga muuchimbe Juni, udongo ukiwa bado una unyevu kidogo na jembe linaingia, ili ukoka ushike kabla ya Desemba.

Ila mvua za Machi bado ziko mbele, na kwa muda huu kuna la haraka. Tandika viroba vya mchanga kwa mstari pale maji yanapoingilia kutoka juu, kuyaelekeza pembeni ya nyumba. Chini ya bati la chumba cha watoto, chimba mfereji mdogo nusu mita kutoka ukutani, utandike nailoni na mawe, maji yanayodondoka yasirushe tope ukutani wala yasizame hapo. Maji yakituama, watoto wasicheze humo, na ya kunywa yachemshwe. Mbu anahitaji kama wiki moja au mbili kutoka yai hadi kuruka, kwa hiyo bwawa la siku tano peke yake halimtoshi. Tatizo ni pale mvua nyingine inapolijaza tena kabla halijakauka. Fagieni maji kuelekea kwenye matundu kila siku mvua inapokatika, na mwage makopo na magurudumu yote yaliyoshika maji.

Kumbuka pia kwamba kazi hizi zote ninazozieleza ni za mvua ya kawaida kubwa. Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani yetu na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika Somanga, hakuna tanki wala mtaro wa nyumbani ambao ungemeza yale maji. Siku za namna hiyo kinachookoa nyumba ni sakafu kuwa juu ya uwanja na matundu ya uzio kuwa wazi. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, kazi yako ni moja: zunguka uzio ukayazibue.

Ukishapima, niandikie tena. Nataka kujua maji yameshuka sentimita ngapi kwa saa kwenye shimo dogo, maji ya ardhini yamesimama kina gani siku za bamvua, na ardhi ya nje iko chini ya sakafu kwa sentimita ngapi. Kwa namba hizo tatu nitakuambia kama shimo la mawe lina faida kwako, na likiwa na faida lichimbwe kiasi gani.